Mali Bila Daftari

Nililijua daftari hili kwa sababu ya kodi ya nyumba. Ilikuwa mwisho wa mwezi, nimesota, na kuna mtu ng'ambo aliyetaka insha ya kurasa nane kabla ya asubuhi yake, ambayo ni alasiri yangu. Hii kazi mnaijua. Wengi wetu tulioacha chuo tunalipa keja kwa kuwaandikia watu ambao bado wako chuoni. Swali lake, nikilifupisha, lilisema: chagua hati moja ya serikali ya Shirikisho la Kusini, lile lililopigana na Kaskazini katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, kisha ueleze ilitoka wapi, ilipitia mikono ya nani, na kwa nini tuiamini.

Nilichagua daftari la uteuzi wa maafisa wa jeshi. Kusema ukweli, nilifikiri nitamaliza haraka. Daftari lina majina na tarehe. Nani atabishana na majina na tarehe? Niliituma insha kwa wakati, nikalipwa, nikamlipa mwenye nyumba. Lakini daftari lenyewe halikuniacha. Nimelirudia mara nyingi tangu siku ile, bila mtu kunilipa, na sasa naamini insha niliyouza ilikuwa na kosa. Si kosa la tarehe. Nililisoma daftari kama ushahidi tu, na nilipaswa kulisoma kama kitabu.

Shule ya upili tulifunzwa kuhakiki kitabu teule: mandhari, wahusika, maudhui, mbinu za lugha. Hebu tufanye hivyo na leja.

Mandhari kwanza. Majimbo kumi na moja ya Kusini yalijitenga na Marekani kati ya Desemba 1860 na Juni 1861, na sababu ilikuwa utumwa. Usimsikilize anayekuambia ilikuwa ushuru wa forodha. Makamu wa rais wao, Alexander Stephens, aliisema sababu hadharani mjini Savannah mnamo Machi 21, 1861: serikali yao mpya ilijengwa juu ya imani kwamba mtu mweusi si sawa na mweupe, na kwamba utumwa ndiyo hali inayomfaa. Serikali hiyo ilihitaji jeshi. Jeshi linahitaji maafisa, na maafisa wanahitaji barua. Barua za uteuzi wa Rais Jefferson Davis zilipitia ofisi moja mjini Richmond, Virginia, ofisi iliyosimamia utumishi na ukaguzi wa jeshi zima, na hapo makarani waliziingiza kwenye madaftari makubwa. Jina. Jimbo. Cheo. Tarehe ya uteuzi. Tarehe ya kuthibitishwa na Bunge. Tarehe ambayo cheo kinaanza kuhesabiwa. Tarehe ambayo mwenyewe alikubali. Aripoti kwa nani. Leo madaftari ya aina hii yako Marekani, katika hifadhi ya taifa ya nyaraka, kwenye mkusanyiko nambari 109, ambao umekusanya makaratasi ya kivita ya Shirikisho.

Si kila afisa yumo. Vikosi vingi vya kujitolea viliwachagua wakubwa wao kwa kura, askari wakiamua wenyewe nani awe kapteni wao. Daftari linawataja hasa wale ambao uteuzi wao ulitoka juu.

Mwandishi ni nani? Mkono ulioshika kalamu ni wa makarani, na tunamjua mmoja wa waliofanya kazi katika wizara ile ya vita: John Beauchamp Jones, aliyeandika shajara na kuichapisha 1866. Shajara yake imejaa bei ya unga na njaa ya nyumbani kwake. Mchana alikuwa karani wa serikali, usiku alikuwa baba anayepiga hesabu ya chakula. Leja za ofisi hazina hata punje ya unga huo. Hapo ndipo unapoona mbinu ya lugha ya daftari: halina vivumishi. Hakuna safu ya ushujaa, hakuna safu ya woga. Ukisoma baadaye kumbukumbu walizoandika wakubwa wenyewe, kama kitabu kinene cha Davis cha 1881, utakuta vivumishi hadi vinamwagika. Leja inakaa kimya.

Lakini mhariri mkuu alikuwa mtu mmoja, Samuel Cooper. Huyu ni mhusika ambaye mwandishi wa riwaya angeogopa kumbuni. Alikuwa mzaliwa wa Kaskazini. Tangu 1852 alikuwa ndiye msimamizi wa utumishi katika jeshi la Marekani lenyewe, ofisi ileile kwa upande ule mwingine. Alikuwa ameoa katika familia kubwa ya Virginia, na alikuwa amefanya kazi chini ya Davis wakati Davis alipokuwa waziri wa vita wa Marekani, 1853 hadi 1857. Machi 1861 alijiuzulu, akaenda Kusini, na akapewa kazi ileile aliyoiacha. Akaanza kupanga madaftari kama alivyozoea kuyapanga Washington. Serikali mpya, nchi mpya, kiapo kipya, lakini safu za daftari ni zilezile. Ukitaka kuelewa kwa nini serikali ya miezi michache ilionekana kama ya miaka mingi, angalia nani alichora mistari.

Sasa tuje kwenye mgogoro. Kila kitabu teule lazima kiwe na mgogoro, na wa leja hii uko kwenye safu moja ambayo mimi, usiku ule wa insha, niliirukia kabisa: tarehe ambayo cheo kinaanza kuhesabiwa.

Tarehe ya kuteuliwa na tarehe ya kuanza kuhesabiwa si lazima zifanane. Serikali ingeweza kukuteua leo lakini ikasema cheo chako kihesabiwe tangu miezi miwili iliyopita. Na katika jeshi, watu wawili wenye cheo kimoja wanapokutana uwanjani, mwenye tarehe ya zamani ndiye anayetoa amri. Kwa hiyo ile safu ndogo ndiyo iliyoamua nani atamwamrisha nani.

Agosti 31, 1861, Bunge la Kusini lilithibitisha majenerali watano wa daraja la juu kabisa. Wa kwanza Cooper mwenyewe, kuanzia Mei 16. Wa pili Albert Sidney Johnston, Mei 30. Wa tatu Robert E. Lee, Juni 14. Wa nne Joseph E. Johnston, Julai 4. Wa tano Beauregard, Julai 21. Tarehe tano tu. Joseph Johnston alipoziona alipandwa na hasira. Katika jeshi la Marekani alikuwa amefikia brigedia jenerali, akiwa mkuu wa ugavi, wakati Lee alikuwa kanali. Sheria yao wenyewe ya Kusini ilisema maafisa waliotoka jeshi la zamani watabaki na mpangilio wao wa zamani. Kwa hesabu yake alistahili kuwa wa kwanza. Septemba 12 alimwandikia Davis barua ndefu ya malalamiko. Davis akamjibu kwa mistari michache ya baridi, akimwambia hoja zake hazina msingi. Wawili hao hawakupatana tena. Walipigana vita vyote wakiwa upande mmoja bila kuaminiana, na mwaka 1864 Davis alimwondoa Johnston kwenye uongozi wakati adui akiwa mlangoni mwa Atlanta.

Sisemi Kusini ilishindwa vita kwa sababu ya safu ya daftari. Nasema hivi: mimi niliyedhani hakuna anayebishana na tarehe sikujua ninachosema. Tarehe ni maoni ya mtu mwenye mamlaka, yaliyoandikwa kwa tarakimu. Na Cooper, ambaye ofisi yake ndiyo iliyotunza orodha, ndiye aliyekaa nambari moja.

Tufike kwenye safari, maana hapa ndipo insha yangu ilipojisifu.

Jumapili ya Aprili 2, 1865, Davis akiwa kanisani mjini Richmond, alipokea taarifa kutoka kwa Lee kwamba mji hauwezi tena kulindwa. Usiku ule serikali ilipanda treni. Wakubwa waliingia mabehewani, na makaratasi pia yakaingia, yale yaliyopata nafasi. Mengine yalichomwa makusudi. Mengine yaliteketea pale moto uliowashwa kwenye maghala ya tumbaku, ili yasiangukie mikono ya adui, ulipovuka barabara na kula sehemu kubwa ya mji. Kilichopakiwa kilienda Danville, kisha Greensboro, kisha Charlotte huko North Carolina. Aprili 26 Davis aliondoka Charlotte akiendelea kukimbia kusini. Cooper, mwenye umri wa miaka 66, hakuendelea naye. Alibaki pale na masanduku yake.

Siku hiyohiyo jenerali wa Kusini aliyekuwa bado na jeshi katika eneo lile alisalimu amri. Jina lake, Joseph E. Johnston. Ndiyo, yule yule. Na mapema Mei ni yeye aliyemwandikia jenerali wa Kaskazini, Schofield, kumjulisha kwamba nyaraka za Wizara ya Vita ziko Charlotte, kwamba zitakuwa na thamani kwa historia, na kwamba angependa zihifadhiwe. Yalikuwa masanduku 81. Yakasafirishwa hadi Washington.

Mwalimu wangu wa fasihi angeandika KINAYA kwa wino mwekundu, herufi kubwa. Mtu aliyejeruhiwa na orodha ndiye aliyehakikisha makaratasi ya ofisi iliyoitunza hayachomwi. Mimi kwenye insha niliita hiyo nia njema, nikaendelea. Siku hizi nasoma tofauti kidogo. Mtu anayeamini alionewa na daftari hataki lichomwe. Anataka lifunguliwe mbele ya hakimu mwingine. Johnston alitoa kitabu chake mwenyewe 1874, na suala la cheo limo humo, bado linafuka moshi.

Sasa, watu wanaouza na kununua vitu vya kale wakizungumza kuhusu asili ya hati, wanachotaka kujua ni mnyororo wa mikono: A alimpa B, B akamuuzia C, C akafa, watoto wake wakaipeleka mnadani. Mnyororo ukiwa mzima, bei inapanda. Ni swali la haki kabisa, kwa sababu makaratasi mengine ya Shirikisho yaliondoka na watu binafsi. Mwaka 1872 serikali ya Marekani ililipa dola 75,000 kununua barua za kidiplomasia za Kusini kutoka kwa John Pickett, mtu aliyewahi kuwa mjumbe wa serikali hiyohiyo. Dola 75,000, miaka saba tu baada ya vita. Walioshindwa waligundua haraka kwamba karatasi ni mali.

Lakini mnyororo wa mikono hauniambii hati ilifanya nini mikononi humo. Kwa daftari letu, hilo ndilo swali lenye nyama.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa mwendesha mashtaka. Julai 1865 Wizara ya Vita ilifungua ofisi ya kushughulikia nyaraka zilizotekwa, ikamweka Francis Lieber kuiongoza. Lieber alikuwa mhamiaji kutoka Prussia, msomi wa sheria, mtu aliyeandika kanuni za vita ambazo Lincoln alizitoa kwa jeshi lake mwaka 1863. Wana wake wawili walipigania Kaskazini, na mmoja wao alipoteza mkono. Mwana wa tatu, Oscar, alipigania Kusini akafa mwaka 1862. Sasa baba huyu anapewa masanduku ya jeshi lililomchukua mwanawe na kuambiwa atafute ushahidi, hasa wa kumhusisha Davis na mauaji ya Lincoln. Ushahidi wa kutosha haukupatikana.

Wakati huohuo cheo kilichoandikwa Richmond kilikuwa kimegeuka mzigo. Mei 29, 1865 Rais Andrew Johnson alitangaza msamaha kwa waasi wengi, lakini aliyepita cheo cha kanali hakuguswa na msamaha huo. Ilibidi aombe kwa jina lake mwenyewe. Fikiria yule aliyemsumbua kila mtu 1863 ili awe brigedia. Miaka miwili baadaye anatamani angebaki kanali.

Kisha mwaka 1871 ikaundwa tume ya kusikiliza watu wa Kusini waliodai fidia kwa mali iliyochukuliwa na jeshi la Kaskazini. Zaidi ya madai 22,000 yaliletwa. Sharti lilikuwa moja: uthibitishe kwamba muda wote wa vita ulikuwa mwaminifu kwa Marekani. Unaweza kukisia kilichofuata. Watu waliapa, na makarani wa Washington wakaenda kufungua masanduku. Jina lako likiwa kwenye makaratasi ya Shirikisho, kiapo chako kimekwisha.

Halafu upepo ukageuka. Mwaka 1878 Wizara ya Vita ilimwajiri Marcus Wright, aliyekuwa brigedia jenerali wa Kusini, azunguke akikusanya makaratasi zaidi kutoka kwa wenzake wa zamani. Mtu aliyewahi kuteuliwa na ofisi ya Richmond sasa analipwa na Washington kulinda kumbukumbu za ofisi hiyo. Kati ya 1880 na 1901 Marekani ilichapisha nyaraka za pande zote mbili katika vitabu 128. Kuanzia 1903 makarani walianza kunakili majina ya askari wa Kusini kwenye kadi, kadi moja kwa kila mara jina lilipotajwa. Majimbo ya Kusini yalikuwa tayari yanalipa pensheni kwa maveterani wao, na mzee aliyetaka pensheni alihitaji kuthibitisha kwamba alipigana kweli. Rekodi zilezile. Zilizomfunga mdomo mtu 1871 zikawa zinamlisha mwingine 1905. Wajukuu wakazitumia kuingia kwenye vyama vya heshima vya ukoo, na sanamu zikapanda mbele ya mahakama.

Wino ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni mtu aliyekuja dirishani kuuliza, na alitaka nini.

Hapo ndipo insha yangu ilipoishia. Nilihitimisha kwamba daftari linaaminika kwa sababu lilitengenezwa kazini na watu ambao hawakujua nani atalisoma. Nikapokea pesa zangu. Mteja aliandika neno moja, asante, na kunipa nyota tano.

Wiki kadhaa baadaye, nikiwa na bando la usiku na sina kazi, nilirudi kwenye ule mkusanyiko nambari 109. Humohumo, kwenye familia ileile ya makaratasi, kuna orodha za malipo karibu 6,000. Zimepigwa picha zote na ziko mtandaoni bure. Ni orodha za watumwa waliotumika kwenye kazi za jeshi: kuchimba mahandaki, kujenga ngome, kupika, kuchoma chumvi, kubeba. Sheria ya Februari 1864 pekee iliruhusu wizara kutumia hadi watumwa 20,000. Orodha zina safu nzuri zilizochorwa vizuri. Aliyekodishwa kutoka kwa nani. Jina. Kazi. Siku ngapi. Kiwango cha malipo. Jumla. Na safu ya mwisho, sahihi ya kupokea pesa.

Sahihi ni ya mwenye mtumwa au wakala wake. Aliyechimba ni jina moja tu, mara nyingi bila la pili. Aliyesaini ana majina mawili, matatu, na mkia wa wino chini yake.

Kuna methali tuliyoimbishwa shuleni: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliifunzwa kama ushauri wa biashara, mwenye duka aandike madeni. Sijawahi kuifikiria kutoka upande wa mali. Hawa watu ndio waliokuwa mali, na daftari lilikuwepo, na limetunzwa vizuri sana. Hawakupotea bila habari. Habari zao zilitunzwa kwa ajili ya mtu mwingine kulipwa.

Weka basi orodha hizo kando ya daftari la uteuzi, na utaona kile ambacho hakuna mnyororo wa mikono utakachokuonyesha. Katika daftari la kwanza mtu ana tarehe ya kukubali. Fikiria uzito wa safu hiyo. Serikali inasubiri jibu lako, wewe unaandika barua kusema ndiyo, karani anaingiza siku uliyosema ndiyo. Katika orodha ya pili hakuna safu ya kukubali, maana hakuna aliyeuliza. Ni jeshi lilelile, katika miaka ileile. Machi 13, 1865, wiki tatu kabla ya kukimbia Richmond, Bunge la Kusini lilipitisha sheria ya kuwaandikisha watu weusi kama askari, na hata hapo sheria yenyewe haikumpa uhuru aliyeandikishwa. Anayekuambia leo kwamba jeshi lile lilijaa watu weusi waliojitolea, mwulize kwa nini basi sheria hiyo ilihitajika, na kwa nini ilichelewa hivyo.

Watu wanaotafuta mababu zao weusi Marekani hukwama mwaka 1870, kwa sababu sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza iliyowaandika kwa majina wale waliokuwa watumwa. Nyuma ya hapo ni giza. Orodha hizi za malipo ni mojawapo ya nyufa chache zinazopitisha mwanga: jina moja, kaunti moja, jina la aliyedai kumiliki. Kwa hiyo nazo zimebadilisha kazi. Zilitengenezwa ili mwenye mtumwa apate chake, na sasa kitukuu wa mtumwa ndiye anayekuja dirishani.

Msomaji wa Kenya hawezi kusoma hadithi ya masanduku ya serikali inayoondoka bila kukumbuka yetu. Waingereza walipokuwa wanafungasha 1963 walichoma mafaili mengi na mengine wakayasafirisha kwao. Ilikuwa hadi 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa mahakamani London, ndipo Uingereza ilipokiri kwamba ilikuwa na masanduku yapatayo 300 kutoka Kenya yaliyofichwa Hanslope Park. Mwaka 2013 ikakubali kuwalipa walalamishi 5,228. Tofauti ni moja. Kule Marekani aliyeshindwa hakuwahi kufunga mizigo vizuri, akanyang'anywa. Hapa aliyeondoka alikuwa na muda wa kuchagua nini kibaki. Ndiyo maana nina shaka na mtu yeyote anayeniambia hati ni safi kwa sababu imenusurika. Kunusurika kuna mpangilio. Uliza nani alikuwa na behewa.

Je, nalipendekeza daftari la uteuzi? Ndiyo. Ni kitabu kizuri katika aina yake: kina nidhamu, hakijisifu, na kinaumbua watu ambao vitabu vyao vyenyewe viliwapamba. Lakini ni nusu ya kitabu. Ukilisoma peke yake utajua kila kitu kuhusu nani aliteuliwa na hutajua nani alichimba handaki ambamo huyo mteule alisimama. Wahifadhi wamefanya kazi yao, nusu zote mbili ziko chini ya nambari moja. Kazi ya kuzifungua pamoja ni yetu sisi wasomaji.

Nimalizie nilipoanzia. Sijifananishi na mtu yeyote kwenye orodha zile za malipo. Mimi nilikubali kazi, nililipwa mimi, na nikichoka nazima laptopu. Kujifananisha nao ni kukosa adabu. Lakini ziliniondolea kiburi kuhusu makaratasi. Mwaka jana nilirudi kwenye chuo nilichokiacha kuomba karatasi ya matokeo ya miaka miwili niliyosoma. Karani, mama mpole sana, alifungua rejista, akapitisha kidole, akanipata. Kijana wangu, akasema, hapa imeandikwa hukuripoti. Nikamwambia niliripoti, ila karo ndiyo haikuripoti. Akacheka. Akaangalia safu zake tena, akanionyesha kwa huruma kwamba hakuna mahali pa kuandika hivyo.

Insha ile ya kurasa nane iko mahali fulani Marekani, kwenye faili la mwanafunzi, na jina lake juu. Kwa jinsi hati zinavyoaminiwa, hiyo ndiyo itakayobaki. Haina neno hata moja kuhusu orodha za malipo, kwa sababu swali halikuziuliza na mimi nilikuwa na haraka. Zilizokosekana kule ndizo hizi nimeziandika hapa, na safari hii jina lililo juu ni langu.